Mwaka wa tano darasani, vyeti saba, na bado najiona palepale

Swali: "Ninafundisha watoto wa miaka 4 na 5, na huu ni mwaka wangu wa tano kazini. Vyeti vya semina ninavyo saba, lakini nikijitazama naona nimesimama palepale. Mkuu wa shule ametutaka kila mwalimu aandike ukurasa mmoja kuhusu misingi inayomwongoza kazini na namna atakavyojiendeleza mwaka huu. Niliandika 'upendo, uvumilivu, ubunifu', kisha nikafuta. Kuna mtoto analia mlangoni kila asubuhi, kuna wazazi wanaouliza lini watoto wao wataanza kuandika, na mimi yote hayo nimezoea. Mwalimu wa watoto wadogo anakua vipi? Na misingi ya kweli inaandikwaje?"

Jibu: Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote jicho langu limekwama kwenye neno ambalo wewe umelipita haraka: "nimezoea". Nitalirudia baadaye. Kwanza nikuondolee wasiwasi wa kusimama palepale, kwa sababu sidhani kama ndivyo ulivyo.

Mwaka 1972 Lilian Katz, mtaalamu wa elimu ya watoto wadogo nchini Marekani, alieleza hatua nne ambazo mwalimu wa ngazi yetu hupitia. Ya kwanza ni kunusurika, pale ambapo swali la kila siku ni "nitafikaje jioni?" Katika hatua ya pili mwalimu anajikusanya. Darasa halimjii tena kama wimbi moja la kelele, na anaanza kumwona mtoto mmoja mmoja na shida yake. Ya tatu, ambayo Katz aliiweka karibu na mwaka wa 3 au wa 4, ni ya mwalimu aliyechoshwa na yaleyale: nyimbo zilezile, kadi zilezile, maandalizi yaleyale ya muhula uliopita. Huyu anahitaji kuhuishwa. Ya nne ni ukomavu, na utaijua kwa namna maswali yanavyobadilika. Mwalimu aliyefika hapo haulizi tu "kesho nifanye nini?" Anauliza "kwa nini ninafanya hivi ninavyofanya?"

Sasa soma tena swali lako la mwisho. Mtu anayefuta "upendo, uvumilivu, ubunifu" kwa sababu maneno hayo hayamtoshi amekwisha kuiacha hatua ya tatu. Uchovu unaousikia ni wa mtu ambaye nguo imeanza kumbana.

Mkuu wako ametaka mambo mawili, misingi na mpango wa kujiendeleza, na walimu wengi watayaandika kama vitu viwili visivyojuana: juu maneno mazuri, chini orodha ya semina. Mimi nayaona ni jambo moja. Misingi yako ndiyo inayokuonyesha pa kukua. Pale ambapo matendo yako hayafanani na unachokiamini ndipo penye kazi ya mwaka huu. Semina yoyote isiyogusa mahali hapo itakuongezea cheti cha nane, basi.

Kuhusu maneno uliyoyafuta, ulifanya vizuri. Yalikuwa ya kweli, ila hayamfungi mtu. Chukua tukio tunalolijua sote. Ni saa ya hadithi, watoto wameketi mkekani, na mmoja amejikojolea. Mwalimu wa kwanza anasema kwa sauti, "Jamani, si niliuliza nani anataka kwenda chooni?" Watoto wanageuka, wawili wanacheka, na yule mtoto anavuta shati lake chini kufunika kaptula. Mwalimu wa pili anamaliza sentensi aliyokuwa akiisoma, anampa mwenzake kitabu, anapiga magoti karibu na mtoto na kumwambia sikioni, "Twende tukabadilishe." Wanatoka, hadithi inaendelea. Ukiwauliza walimu hawa wawili wanaongozwa na nini, wote watakujibu "upendo", na wote watakuwa wanaamini wanachosema.

Kwa hiyo usiandike "upendo". Andika sentensi yenye kitendo ndani yake, kwa mfano: "Simwaibishi mtoto mbele ya wenzake, hata akijikojolea, hata akivunja kitu, hata nikiwa nimechoka." Kipimo changu ni hiki: mgeni akiketi kwenye kona ya darasa lako asubuhi nzima, je, ataweza kuona kwa macho kwamba msingi huo unafuatwa au unavunjwa? Kama hawezi kuuona, bado ni pambo la ukutani. Sentensi nne au tano za namna hiyo zinatosha.

Jambo moja tu niongeze hapa, kwa kuwa wengi hulisahau. Misingi ya kazi hii haitoki moyoni mwako peke yako. Mtu anaweza kuwa na moyo mwema na bado akaamini kwamba mtoto hafunzwi bila fimbo. Ndiyo maana taaluma ina makubaliano yanayomfunga kila mmoja, mpole na mkali. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unataka katika ibara ya 3 maslahi bora ya mtoto yapewe uzito wa kwanza, katika ibara ya 12 mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, katika ibara ya 19 alindwe dhidi ya ukatili wa kila aina, na katika ibara ya 31 unamtambulia haki ya kupumzika na kucheza. Mwaka 2005 Kamati ya Haki za Mtoto ilifafanua kwamba haki hizo ni za watoto wadogo pia, tangu kuzaliwa, na kwamba kutojua kusema vizuri hakumwondolei mtoto haki ya kusikilizwa. Jumuiya ya walimu wa watoto wadogo ya Marekani, NAEYC, ina kanuni zake za maadili tangu mwaka 1989, na kanuni inayozitangulia nyingine zote ni kwamba mwalimu hamdhuru mtoto. Napenda mpangilio huo. Ubunifu, bidii na uchangamfu vina nafasi yake, lakini vyote vinakaa nyuma ya hilo.

Misingi inapimwa pale unapovutwa huku na huku. Mtoto ameng'atwa mkono, alama za meno zinaonekana, na mama yake amesimama mlangoni akitetemeka: "Ni nani amemng'ata mwanangu? Nataka jina." Una wajibu kwa mama huyu. Anastahili kuambiwa kila kilichotokea: saa ngapi, mlikuwa mnafanya nini, kidonda mlikisafishaje, nani alikuwa zamu, na kesho mtabadilisha nini ili lisirudi. Anastahili pia kusikia pole isiyo na visingizio. Lakini jina la mtoto mwingine hulitoi, kwa sababu yule aliyeng'ata naye ni mtoto wako, na familia yake ina haki ya siri ileile ambayo mama huyu angeitaka kama mambo yangekuwa kinyume. Mwambie hivyo hivyo, kwa upole na bila kuyumba: "Mama, na mwanao akikosea siku moja, jina lake halitatoka kinywani mwangu." Wengi hutulia. Wachache watakwenda kwa mkuu, na hiyo ni haki yao.

Lililo zito kuliko hilo ni mwalimu mwenzako anapomvuta mtoto mkono kwa nguvu au kumfinya. Hapa woga wa kuvunja urafiki umeharibu walimu wengi wazuri. Kinachotangulia ni kumwondoa mtoto kwenye hatari, hapohapo. Kama ni ukali wa maneno au papara ya siku mbaya, zungumza na mwenzako faragha siku hiyohiyo, mweleze ulichokiona, usimweleze unavyomdhania. Kama mtoto ameumizwa, mazungumzo ya faragha hayatoshi: taarifa iende kwa mkuu na kwa utaratibu wa ulinzi wa mtoto mlionao, iandikwe, tena siku hiyohiyo. Ikiwa kwenye ukurasa wako utakuwa na sentensi moja tu inayokugharimu kitu, iwe hii.

Sasa tuje kwenye kukua. Mimi nilianza kukua siku niliyojisikia mwenyewe kwa masikio yangu. Nilikuwa mwaka wa sita kazini, nikisifiwa kwa kusimulia hadithi. Kwa ruhusa ya mkuu na ya wazazi, niliweka simu kwenye rafu nikarekodi dakika 12 za saa ya hadithi, nisikilize mwenyewe kisha nifute. Usiku nikakaa na kalamu. Niliuliza maswali 31. Mengi niliyajibu mwenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi. Na katikati kulikuwa na sauti ndogo, mtoto mmoja, akisema "Lakini mwalimu…" Nikamwambia "Subiri kidogo." Baadaye tena, "Lakini…" Subiri. Mara ya tatu alisema "Lakini" tu, kwa sauti ya chini, na mimi nikafungua ukurasa unaofuata. Darasani sikuwa nimemsikia hata mara moja. Kesho yake nilimwendea kwenye kona ya matofali ya kuchezea nikamuuliza alitaka kusema nini. Akanitazama, akasema, "Nimesahau," akarudi kwenye mnara wake.

Wakati huo ukutani kwangu palikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa rangi tatu: "Kila mtoto anasikilizwa."

Hapo ndipo kusoma kulipoanza kuwa na faida, kwa sababu nilikuwa na swali mkononi. Nilikutana na kazi ya Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza katika miaka ya 1970 masomo ya sayansi kwenye shule za msingi. Aligundua kwamba walimu wengi, wakishauliza swali, hungoja kwa wastani wa sekunde 1 hivi kabla ya kusema tena. Walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 ni muda mfupi sana kwenye saa, lakini mbele ya watoto 25 zinachoma. Nilijifunza kuzihesabu kwa vidole nikiwa nimeficha mkono nyuma. Baada ya wiki chache nikarekodi tena: maswali 11, na sauti za watoto ambazo kwenye rekodi ya kwanza hazikuwepo. Huko ndiko kukua ninakokujua mimi. Hakuna aliyenipa cheti, na niliweza kukuonyesha tofauti kati ya Februari na Aprili.

Angalia mpangilio wake. Kulikuwa na msingi (ninasikiliza). Kulikuwa na kipande kimoja cha siku (saa ya hadithi). Kulikuwa na ushahidi usionibembeleza, ujuzi wa mtu mwingine uliojibu swali langu, badiliko moja dogo, kisha ushahidi tena. Mwalimu akizunguka hivyo mara mbili au tatu kwa mwaka, baada ya miaka mitano hatambuliki. Ushahidi si lazima uwe rekodi. Unaweza kuwa daftari unaloandika mistari minne watoto wakishaondoka, au mwenzako anayeketi dakika 15 na kuhesabu jambo moja tu ulilomwomba: ni watoto gani umewaita kwa majina leo, na ni gani hukuwataja kabisa? Hilo la majina nakuomba ulijaribu. Kila darasa lina watoto watatu au wanne watulivu ambao siku nzima hupita bila majina yao kutajwa, na hatujui mpaka mtu atuhesabie.

Nadharia ulizosoma chuoni zitarudi na uhai ukizipeleka kwenye kitu unachokishika mkononi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, aliandika kuhusu eneo lililo kati ya yale mtoto anayoyaweza peke yake na yale anayoyaweza akisaidiwa, na kwamba huko ndiko kujifunza kunakotokea. Mtihani ukishapita, wengi tunaliacha hukohuko. Sasa mtazame mtoto wa miaka 4 anayehangaika na kifungo cha shati. Ukimfungia wewe, umemaliza kazi kwa sekunde mbili na hajajifunza kitu. Ukimwambia "jaribu, unaweza" ukaondoka, ataishia kulia. Lakini ukishika upande wenye tundu, ukauvuta kidogo ukakaza, kifungo kikachungulia nusu, kisha ukamwachia akivute hicho kipande kilichobaki, umesimama kwenye lile eneo hasa. Kesho unashika kitambaa tu. Keshokutwa unaweka mikono nyuma. Mwalimu anayejua kuondoa mkono wake kwa wakati wake ana ujuzi mkubwa, hata kama hakuna anayempigia makofi.

Vivyo hivyo kwa Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza namna watoto wanavyofikiri. Ukimimina maji ya glasi fupi na pana kwenye glasi nyembamba na ndefu, mtoto wa miaka 4 au 5 kwa kawaida atakuambia sasa yamekuwa mengi. Asiyejua humsahihisha: "Hapana, ni yaleyale." Anayejua huuliza, "Umejuaje?" kisha anamwachia amimine mwenyewe, mara nyingi, siku nyingi. Heshima kwa mtoto huanzia hapo, kwenye kujua kwamba kosa lake lina akili ndani yake. Ndiyo maana siku zote nawaambia walimu wachanga kwamba kusoma ni sehemu ya maadili. Huwezi kumheshimu mtu ambaye hujui anavyofikiri.

Wazazi wanaouliza lini watoto wataandika usiwachukulie kama wasumbufu. Wana hofu kwamba mtoto wao ataachwa nyuma, na hofu hiyo ni upendo. Wanachokosa ni kuona. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza, "Nyumba ya Watoto", mjini Roma mwaka 1907, aliuandaa mkono wa mtoto kabla ya kuutaka uandike. Watoto walipitisha vidole juu ya herufi za karatasi ya msasa mpaka mkono ukaujua mwendo wa herufi. Waite wazazi siku moja, wape udongo wa kufinyanga, vibanio vya nguo na shanga za kutunga, wafanye wenyewe kwa dakika 10, kisha waambie ni misuli gani ya vidole inayowauma. Wakishaisikia mikononi mwao hawatauliza tena kwa sauti ileile. Na ukisikia mzazi ana jambo la kweli, kwa mfano kwamba mtoto wake tayari anajaribu kuandika jina lake nyumbani na wewe humpi nafasi, ujue amekuzidi kwa hilo, umshukuru.

Usiache pia kuandika kwenye mpango wako mahali pa kuwasaidia wengine. Mwalimu wa mwaka wa tano anatosha kumshika mkono aliyeanza mwezi uliopita, na hakuna kinachokulazimisha kufikiri vizuri kama kuulizwa na mgeni "kwa nini mnawapanga mstari namna hii?" Cheo ni njia moja ya kupanda. Wapo waliobaki na watoto wadogo miaka 30 na bado kila mwaka wanajua zaidi ya mwaka uliotangulia. Na uchovu wako uutazame kama sehemu ya kazi: mwalimu aliyelala kwa muda wa saa nne tu hazifikii zile sekunde tatu.

Sasa lile neno. Umeandika kwamba mtoto analia mlangoni kila asubuhi na umezoea. Sikulaumu. Mazoea ndiyo yanayotuwezesha kuifanya kazi hii bila kuvunjika. Ila mtoto yule yeye hajazoea, ndiyo maana analia. Kama ningekuwa wewe, ukurasa wa mkuu ningeujenga juu yake.

Msingi uandike hivi: "Kila mtoto anapokewa kwa jina lake, na mtu aliyeinama hadi kwenye usawa wa macho yake, kabla ya jambo lingine lolote." Kisha kwa siku tano, bila kubadilisha chochote, andika: amefika saa ngapi, ameletwa na nani, aliyemleta ameaga au ameondoka kimyakimya, wewe ulikuwa umesimama wapi na mikono yako ilikuwa inafanya nini, amelia dakika ngapi, na ni kitu gani kilichomtuliza. Nina dhana, na unaweza kuipima: aliyemleta huondoka mtoto akigeuka, ili kukwepa kilio, na wewe wakati huo unakusanya mifuko na kujibu wazazi wengine watatu. Mtoto anayetorokwa leo, kesho huanza kulia mapema zaidi, kwa sababu hajui tena ni dakika gani atageuka akute hakuna mtu.

Wiki ya pili, kubaliana na nyumbani juu ya kuaga kulekule kila siku: kumbatio moja, sentensi moja ("nitarudi baada ya chakula cha mchana"), kisha aende kweli, na arudi kweli wakati huo. Mwombe mwenzako apokee mifuko kwa dakika 10 za kwanza. Mpe mtoto kazi ya kufanya akiingia, kama kupanga viatu au kulisha samaki kama mnao, kitu kinachomngoja yeye. Kwa kusoma, tafuta yale ambayo watafiti John Bowlby na Mary Ainsworth waligundua kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi wake. Kama baada ya wiki kadhaa za utaratibu huo kilio hakipungui, au mtoto hali, hachezi, anajitenga siku nzima, basi kaeni na familia na mkuu mwombe msaada wa mtaalamu, na hilo nalo liwe limeandikwa kwenye mpango tangu mwanzo.

Ukimpelekea mkuu ukurasa huo, weka na zile siku tano za kwanza kama zilivyo, hata ile ambayo utakuta umeandika kwamba hukumwona alipoingia.